Tulinde Urithi Wetu kwa Sheria na kwa Kalamu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya siku moja)

Tunajua huu ni wakati wa palizi na kila mmoja ameacha jembe nyumbani. Kwa hiyo hatutazunguka sana.

Leo hatukuja kuzungumza juu ya tangi la maji wala kuku wa kienyeji. Tumekuja kuzungumza juu ya mali nyingine ambayo kila kijiji kinayo, lakini haimo katika daftari la mweka hazina yeyote.

Tuanze na neno moja: kigango. Sisi tuliokulia parokiani tukisikia kigango tunafikiria kanisa dogo la kijiji, pale katekista anapoongoza ibada padre asipofika. Lakini kwa Wamijikenda, na hasa Wagiriama, kigango ni kitu kingine. Ni nguzo ya mti mgumu, iliyochongwa nakshi za pembetatu na kichwa cha mviringo, inayosimamishwa kwa kumbukumbu ya mzee aliyekuwa katika chama cha heshima kiitwacho Gohu. Mara nyingi marehemu hutokea katika ndoto, au shida zinaiandama familia, ndipo watu wakakumbuka kwamba mzee hajasimikiwa nguzo yake. Kikishasimikwa hakihamishwi. Watu wakihama, kigango hubaki pale pale mpaka mvua na mchwa wakimalize. Hiyo ndiyo desturi.

Sasa sikilizeni yaliyotupata sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mradi wa mbuzi wa maziwa. Kabla ya kumpa mtu mbuzi, tulikuwa tukizunguka na fomu. Tulifika boma moja, tukaandika kila kitu: watu wangapi, nyumba ngapi, mabati mangapi, kuku, minazi, hata sufuria. Mzee mwenye boma alitutembeza mpaka nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, akatuonyesha vigango vitatu. Akatueleza kila kimoja ni cha nani. Tulisikiliza kwa adabu, tukashukuru, tukaenda boma la pili. Vigango vile hatukuviandika. Fomu haikuwa na mahali pake.

Tuliporudi baada ya miezi minane kumwangalia mbuzi, mzee hakutaka kuzungumza habari za mbuzi. Alitupeleka chini ya mwembe ule ule. Palikuwa na mashimo matatu. Mjukuu wake alikuwa na deni la karo ya mtoto, akaja mtu na pikipiki, wakaelewana usiku. Pesa aliyopewa haikutosha hata muhula mmoja.

Tulimsindikiza mzee kwenda kupiga ripoti. Aliulizwa: "Vilikuwa na urefu gani? Vina alama gani? Una picha? Una karatasi yoyote kuonyesha ni vyako?" Mzee akanyanyua mkono kuonyesha urefu, kama anavyoonyesha urefu wa mtoto. Sisi tulikuwa na fomu mkononi, imeandikwa mpaka sufuria, na haikuweza kumsaidia kitu. Aibu ile hatujaisahau, nayo ndiyo iliyotuleta hapa leo.

Hebu tuulizane sasa, kama tulivyozoea katika mafunzo yetu: kwa nini jambo hili hutokea? Na tukipata jibu, tuulize tena kwa nini.

PICHA MOJA ILIYORUDISHA KIGANGO

Kwanza tuwape kisa kingine, chenye mwisho tofauti. Mwaka 1985 mtafiti mmoja, Monica Udvardy, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Kentucky, alikuwa Kilifi akijifunza mila za Wagiriama. Alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru amesimama mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vigango vile viliibwa. Mzee Kalume alimwomba mtafiti yule amsaidie kuvitafuta.

Mtafiti alitafuta mpaka katika maduka ya vinyago, asivione. Mwaka 1999, akiwa katika mkutano wa wasomi huko Marekani, mwenzake Linda Giles alionyesha picha za vitu vilivyowekwa katika jumba moja la makumbusho katika jimbo la Illinois. Kumbe mmoja wapo ni kigango cha mzee Kalume! Cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Hampton University, jimbo la Virginia. Mwezi wa Juni 2007 familia ilikabidhiwa kile cha kwanza. Cha pili nacho kikaachiliwa na wenzao wa Hampton. Lakini mzee Kalume mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Vigango vilivyotoka Pwani kwenda majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri Marekani ni mamia. Makumbusho ya Denver peke yake yalikuwa na 30, ambayo yalivirudisha Kenya mwaka 2019. Lakini tazameni tofauti. Vya mzee Kalume vilijulikana ni vya nani, boma gani, kwa sababu ya ile picha. Vingi vya vile vingine vilifika Marekani bila jina la mwenyewe. Mtu akitaka kuvirudisha, atavipeleka boma lipi? Kitu kimerudi nchini lakini hakijarudi nyumbani.

Kwa hiyo jibu la kwanza la "kwa nini" ni hili: tulikuwa hatuna kumbukumbu. Lakini tusijilaumu peke yetu. Tuulize tena: sheria ilikuwa wapi?

SHERIA INASEMAJE?

Tusiogope neno sheria. Sheria ni kama katiba ya kikundi chenu. Ikiwa imeandikwa vibaya, mwenyekiti mjanja atapita katikati ya maneno.

Mwaka 1983 Kenya ilipata Sheria ya Vitu vya Kale na Majengo ya Kumbukumbu. Mwaka 2006 Bunge likapitisha Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi, ikachukua nafasi ya ile ya 1983. Sheria ya 2006 ina mambo mazuri. Inakataza kutoa vitu vya kale nchini bila kibali. Inampa Waziri uwezo wa kutangaza mahali au kitu kuwa urithi unaolindwa.

Lakini tusome vizuri. Kitu cha kale, kwa maneno ya sheria ile, ni kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kwa nini 1895? Mwaka huo ndio Waingereza walitangaza himaya yao katika nchi hii. Ni kana kwamba mzungu alipopiga hodi, sisi tuliacha kuwa na urithi! Nguzo ya babu aliyefariki mwaka 1950, iliyosimikwa na watoto wake kwa machozi na kwa gharama, kwa hesabu hiyo si kitu cha kale.

Sheria inataja pia milango na fremu za nakshi, kama zile za Lamu na Mombasa, zilizochongwa kabla ya 1946. Hizo zimelindwa kwa kutajwa. Vizuri sana. Kitu kingine chochote cha mila, ili kilindwe namna hiyo hiyo, ni lazima kwanza Waziri akitangaze katika Gazeti Rasmi la Serikali. Sasa tuambiane ukweli. Ni nani kati yetu husoma Gazeti Rasmi? Na Waziri aliye Nairobi atajuaje kilichoko chini ya mwembe wa mzee wetu?

Hatusemi kutangazwa hakuna faida. Misitu ya kaya ni ushahidi. Tangu mwaka 1992 kaya zilianza kutangazwa kuwa urithi wa taifa. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza Kaya Takatifu za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2009 mila zinazoambatana na kaya hizo zikaingizwa katika orodha ya mila zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Kule Kaya Kinondo, Kwale, wenyeji hutembeza wageni kwa utaratibu wa wazee, na mapato husaidia jamii. Mahali palipotangazwa, mzee akimkuta mtu na panga ana la kumwambia mbele ya chifu. Msitu ambao haukutangazwa, anayeukata atasema, "Nionyeshe karatasi."

Halafu ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 11 kinatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kinaliagiza Bunge litunge sheria ili jamii ipate fidia au malipo utamaduni na urithi wake ukitumiwa na wengine. Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya jamii ni pamoja na misitu ya jamii, malisho na mahali patakatifu pa jadi. Na mwaka 2016 zilipitishwa sheria mbili zinazotuhusu. Moja ni Sheria ya Ardhi ya Jamii, ambayo chini yake jamii hujiandikisha na kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Ya pili ni ya kulinda ujuzi wa jadi na sanaa za jadi, yaani dawa za miti, ngoma, nyimbo, nakshi, ususi na kadhalika. Hiyo inaitaka kila serikali ya kaunti iweke daftari la ujuzi wa jamii zake.

Sasa mmeona. Sheria ya 2006 iliandikwa kabla ya Katiba ya 2010. Katiba inasema mwenye utamaduni ni jamii. Sheria ya 2006 inasema atakayeamua kipi kilindwe ni Waziri. Hapo ndipo maneno hayapatani, na hapo ndipo dalali wa pikipiki anapopitia.

TUNATAKA IREKEBISHWE NAMNA GANI?

Tumekaa na wazee na akina mama katika vijiji kadhaa, na haya ndiyo yaliyorudiwa mara kwa mara:

1. Mwaka usiwe kipimo peke yake. Kitu kilindwe kwa sababu ya kazi yake na heshima yake kwa wenyewe, hata kama kilichongwa juzi. Kaburi halisubiri miaka mia moja ndipo liheshimiwe.

2. Jamii yenyewe iweze kuanzisha kutangazwa. Wakipeleka ombi lao kwa kaunti au kwa Makumbusho, wajibiwe kwa maandishi na kwa muda uliowekwa. Kimya kisiwe jibu.

3. Mwenye kununua ndiye athibitishe. Siku hizi mzee aliyeibiwa ndiye anayeulizwa karatasi. Sheria igeuze swali hilo. Anayeuza, anayenunua na anayeomba kibali cha kupeleka nje waonyeshe ni familia gani iliyokubali, na nani alishuhudia.

4. Kilichorudi kifike nyumbani. Vitu vikirudishwa kutoka nje, iwe ni wajibu wa Serikali kutafuta wenyewe na kuwashirikisha, visikae stoo vikiwa na namba tu.

5. Faida irudi kwa wenyewe. Kama picha ya nakshi zetu inauza vitambaa na kadi, kijiji kilichozaa nakshi hizo kipate haki yake, kama Katiba inavyosema.

Je, mwanakijiji anaweza kubadilisha sheria? Ndiyo, ana njia. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, la kutunga sheria, kuirekebisha au kuifuta. Si lazima uwe wakili. Tena Bunge na mabunge ya kaunti yanatakiwa kuwashirikisha wananchi yanapotunga sheria. Mikutano hiyo hutangazwa, na mara nyingi tunasikia imekwisha fanyika. Basi kila kikundi kichague mtu mmoja wa kufuatilia matangazo kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi na redioni. Kikundi kimoja kikienda kitasikilizwa nusu. Vikundi ishirini vikienda na karatasi moja yenye sahihi, hapo lazima mtu achukue kalamu.

TUSINGOJE: KAZI YA MWEZI HUU

Sheria huchukua miaka. Mwizi huchukua usiku mmoja. Kwa hiyo kuna kazi ambayo haihitaji Bunge.

Kila kikundi kifungue daftari la urithi. Liwe daftari la kawaida la dukani. Kwa kila kitu au mahali, andikeni: kinaitwaje; kiko kwa nani; ni kumbukumbu ya nani; kina urefu na upana gani; kina alama gani, ufa gani, nakshi gani; nani anajua habari zake. Pigeni picha, mwenye kitu akiwa amesimama kando, kama mzee Kalume. Siku hizi simu za picha ziko kila kijiji. Vijana wetu wajipige wenyewe kidogo, kisha wawapige na wazee. Picha zisafishwe, zibandikwe daftarini na kuandikwa tarehe nyuma, maana simu huanguka majini.

Lakini tahadhari mbili. Kwanza, mwenye kitu akubali. Akisema hapana, funga daftari, kunywa maji, nenda. Pili, daftari lisizagae. Orodha ya vitu vya thamani ni ramani ya mwizi. Liwe na nakala mbili, kwa watu wawili wanaoaminiwa. Na siri za wazee zisiandikwe. Tunaandika kwamba kitu kipo na ni cha nani. Maneno ya ndani ya kaya yabaki kaya.

Kama mahali penu patakatifu pako katika ardhi ya jamii, ulizeni ofisi ya ardhi ya kaunti kama ardhi hiyo imeandikishwa. Kama bado, anzeni safari hiyo sasa, na mahali patakatifu patajwe waziwazi katika maelezo ya mipaka.

Na mkikuta vyombo vya kale au mifupa ya kale mnapochimba kisima au choo, msivunje wala msiuze. Simamisheni kazi, mpelekee chifu habari, na watu wa Makumbusho wajulishwe mapema.

SWALI LA MAMA MMOJA

Katika semina moja mama mmoja alisimama akatuuliza: "Ninyi ni watu wa kanisa. Mbona mnatetea vitu vya mashetani?" Wengine walicheka, lakini alikuwa na haki ya kuuliza, na tunajua hata hapa wapo wanaofikiri hivyo na wamenyamaza.

Tulimwuliza: "Mama, jirani yako wa dini nyingine akizikwa, utang'oa msalaba au jiwe la kaburi lake ukauze?" Akasema, "Sithubutu!" Basi ndivyo hivyo. Hatumwambii mtu asimike kigango, wala hatumwambii asisimike. Tunasema kumbukumbu ya marehemu wa mtu haiuzwi sokoni. Na tuseme ukweli mwingine: yule dalali huyapenda sana maneno "vitu vya mashetani". Akishamshawishi kijana kwamba ni takataka za mashetani, atazipata kwa bei ya takataka. Akifika mjini zinakuwa sanaa, na bei inakuwa nyingine.

Na yule mjukuu? Tusimwite mwizi tu tukaondoka. Alikuwa na mtoto aliyefukuzwa shule. Kama kikundi kilicho karibu naye kingemkopesha karo, huenda vigango vingekuwepo leo. Kwa hiyo mfuko wenu wa kukopeshana nao hulinda urithi, hata kama hamkuufungua kwa kazi hiyo. Kamati zifikirie jambo hili.

Tunamaliza. Yule mzee bado yuko hai. Mashimo matatu hakuyafukia. Anasema akiyafukia, atakayevirudisha hatajua mahali pake. Baada ya mwaka mmoja tulirudi tukaketi naye kutwa nzima, akatueleza nguzo moja moja: hii ilikuwa na ufa upande wa kushoto, hii kichwa chake kililiwa na mchwa, hii nakshi zake zilikuwa safu nne. Tuliandika yote, tukapima na kina cha mashimo. Tumechelewa, ndiyo. Lakini siku picha ya kigango chenye ufa upande wa kushoto itakapoonekana mahali fulani, kutakuwa na karatasi ya kulinganisha.

Na fomu yetu ya mbuzi sasa ina ukurasa wa pili.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Ni vitu gani au mahali gani kijijini kwetu ambapo, pakipotea, wajukuu wetu watatulaumu? Tajeni vitano.

2. Katika hivyo vitano, vingapi vina picha au maandishi yoyote?

3. Je, kuna kitu cha mila kilichouzwa au kuibwa hapa kwetu? Kwa nini kiliuzwa? Shida ile ingeweza kutatuliwa kwa njia gani?

4. Katika yale mambo matano ya kurekebisha sheria, ni lipi tunaloliona la kwanza? Tuna la sita?

5. Ni nani atakayetunza daftari letu, na nani atakayefuatilia mikutano ya kaunti? Andikeni majina kabla ya kufunga mkutano.